Azza Anakwenda Uholanzi

Halua ndiyo iliyoleta balaa, na halua ilikuwa ya Ghaniya, kwa hivyo hakukuwa na mwingine wa kutupiwa lawama.

Jumamosi adhuhuri Azza alirudi kutoka kazini, katika ofisi ya maji ya hapo Ibra, Omani, akamkumbatia mama yake jikoni huku analia na kucheka kwa pamoja. Chuo kikuu cha Uholanzi kimemkubali. Serikali itamgharamia. Shahada ya pili, ya udongo na maji, kama alivyoomba mwenyewe. Ghaniya hata hakusubiri kusikia ni miaka mingapi. Alipiga kigelegele mbele ya chungu cha mchuzi, akavaa buibui, akaenda mbio kwa mpika halua, na kabla ya alasiri sahani zilikuwa zishapangwa juu ya mkeka, zimefunikwa kawa, kila moja na nyumba yake.

Huko Mkunazini, Unguja, alikolelewa Ghaniya, furaha haikuwa na mlango maalumu wa kupitia. Mtoto akifaulu, sahani hutangulia na maneno hufuata nyuma. Jirani hula kwanza, kisha akauliza kuna nini. Ibra sivyo. Ibra habari kubwa ina mahali pake. Husemwa sablani, katika chumba cha wanaume, mbele ya mkubwa wa ukoo, tende zikishaliwa na kahawa ikishanywewa, pale mkubwa anapouliza, "Habari?" Kabla ya hapo hata aliyekuja kuarifu msiba hukaa kimya na finjani yake mkononi. Ghaniya alikuwa Ibra tangu mwaka wa sabini na tatu, watoto wa wakati ule sasa wana ndevu, na haya yote aliyajua. Furaha ilimsahaulisha, basi.

Sahani kubwa kuliko zote aliiweka kando. Hiyo ilikuwa ya Hashil, kaka wa mumewe, na heshima yake ilitaka apelekewe kwa mkono baada ya magharibi, mume na mke pamoja. Ndiyo maana ikawa ya mwisho. Na ndiyo maana Hashil, alipokuwa amekaa alasiri ile dukani kwa Musallam, alikaribishwa halua, akala, akaisifu, akauliza ni ya sherehe gani.

"Wewe unaniuliza mimi?" Musallam alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Si ya binti wa ndugu yako! Anakwenda Uholanzi."

Watu walikuwapo. Hashil alimeza kilichokuwamo mdomoni, akajifuta vidole, akaondoka bila ya kuaga. Baada ya magharibi Ghaniya na mumewe walipobisha mlango wake, sahani ilipokewa na mtumishi, na bwana mwenyewe akasemekana amelala. Asubuhi yake sahani ilirudishwa. Halua yote ilikuwamo, haikuguswa hata ukingoni.

Bi Turkiya, mama mkwe wa Ghaniya, aliitazama sahani ile kwa muda, kisha akavuta kijiko.

"Mwenye kususa na asuse," alisema. "Mimi meno yangu yamebaki ya halua tu."


Khalaf na Hashil walikuwa wana wa baba mmoja na mama mbalimbali. Mzee wao alioa Ibra, akaoa na Unguja, kama walivyofanya wengi wa wakati wake. Hashil alizaliwa huku, hakuondoka. Khalaf alizaliwa kule na Bi Turkiya, akakulia kule, na alipofika Ibra na mke, mama na binti mdogo, alifika kama mgeni katika nyumba ya baba yake mwenyewe. Hashil aliwapa vyumba viwili vya kuanzia. Aliwapa kwa moyo mweupe, haki isemwe. Lakini tangu siku ile Khalaf hakuwahi kumkatalia jambo, na Hashil hakuwahi kuvisahau vyumba vile.

Sasa Khalaf alikuwa karani katika ofisi ya liwali, ana nyumba yake na gari lake la Datsun, na bado alipoitwa kwa kaka yake alikwenda amechomeka jambia kiunoni kama mtu aliyeitwa mahakamani. Jumapili jioni alirudi, akaivua jambia, akakaa kwenye godoro. Ghaniya alimwekea chai ya maziwa mbele yake.

"Kasemaje?"

"Kasema nisitie saini mpaka yeye aseme."

Karatasi yenyewe ilikuwa juu ya kabati, chini ya redio, na kila mtu nyumbani akiijua. Mwanamke hapewi ruhusa ya kusafiri masomoni pasipo saini ya baba. Ilitakiwa ifike Maskati Jumamosi ijayo; isipofika, nafasi itakwenda kwa anayefuata, na anayefuata ni mwanamume wa Nizwa aliyekwishapiga simu ofisini mara mbili kuulizia.

"Baba yake ni wewe au yeye?" Ghaniya aliuliza.

"Mama Azza, usianze."

"Sijaanza bado. Nauliza tu."

"Nimeaibishwa dukani, ananambia. Nimekula halua ya habari nisiyoijua. Kwani sablani kwangu hakuna kahawa? Nimjibu nini? Ana haki. Ulikuwa na haraka gani wewe?"

Hapo kweli Ghaniya alikuwa na kosa, na kosa lile lilimuuma kuliko alivyotaka kuonyesha. Azza ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa miguuni pa bibi yake, kitabu cha chuo mapajani, kile chenye picha ya jengo la matofali na baiskeli nyingi mlangoni.

"Baba, ammi Hashil hakukasirikia halua. Amekasirikia maji. Mimi ndiye niliyesema ofisini kwamba falaji yetu, mfereji wa mashamba yote, imeshuka kwa sababu ya mapampu ya visima, na pampu ya kwanza kabisa ni yake."

"Sasa wewe ndo hutaki kunyamaza hata kidogo," alisema Khalaf, lakini kwa uchovu, bila ya ukali.

"Hebu nisomee tena hicho kitabu," Bi Turkiya aliingilia. "Nataka kujua mtoto anakaa na nani."

Azza alifungua. Kiswahili chake kilikuwa cha watoto waliokulia Ibra, kimechanganyika na Kiarabu na kukosa maneno pahala pengine, lakini bibi yake hakuwa na habari.

"Wanatoka nchi nyingi, bibi. Sudani, Indonesia, Uhabeshi, Kolombia, Tanzania. Wanasomeshwa kwa Kiingereza. Wengi watu wazima, wametoka wizarani kwao, wameacha watoto. Kuna shahada ya mbegu, kuna ya misitu, ya mifugo, ya lishe, ya wadudu..."

"Ya wadudu?"

"Wallahi, bibi."

"Mtu anapanda ndege mpaka Ulaya akasome mende?"

Hata Khalaf alitabasamu. Azza aliendelea: katika darasa la udongo na maji mwaka uliopita wanawake walikuwa wawili tu, mmoja wa Ufilipino na mmoja wa Moshi. Wanakaa majengo ya wanafunzi, na ghorofa moja watu wote wanatumia jiko moja, kila mmoja na sufuria yake.

"Huyo wa Moshi keshapata jiko," alisema Bi Turkiya. "Basi na wewe utapata. Uchukue bizari yako mwenyewe, usiombe ya watu."

"Mudiri wangu ofisini alinambia nichague lishe," Azza alisema, safari hii akimtazama baba yake. "Ati lishe ndiyo ya mwanamke. Nikamwambia mimi kupika nishafundishwa na mama."

Khalaf aliinuka, akaenda kuswali isha msikitini. Karatasi aliiacha chini ya redio.


Jumatano ni siku ya soko la wanawake Ibra. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume akipita njia ile hugeuza uso. Ghaniya huuza visheti na mikate ya kumimina aliyoipika alfajiri, na kwa kawaida humaliza jua likiwa bado halijachoma. Jumatano ile mikate ilikaa. Mwanamke mmoja aliushika mkate, akaugeuza, akaurudisha mahali pake.

"Huu nao wa Uholanzi?" alisema, na wenzake wakacheka nyuma ya vidole.

"Wa Uholanzi bado," Ghaniya alijibu kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja. "Subiri binti yangu arudi. Leo kuna wa Ibra tu. Utanunua au unaupapasa?"

Mwanamke yule aliondoka. Baada yake akaja Kaltham, mke wa Hashil, akakaa juu ya mkeka pembeni yake kama mtu aliyechoka. Kaltham hakuwa mbaya. Miaka ile ya vyumba viwili yeye ndiye aliyemfundisha Ghaniya jinsi ya kuhifadhi tende na jinsi ya kuwajibu wakwe. Alinunua visheti, kisha akatoa alichotumwa.

"Hashil ameshusha hasira, ya um Azza. Anasema binti asome, hakatai. Aende Kairo, alikosomea mwanzo, kwa mjomba wake. Asome hiyo lishe. Na kabla hajaondoka afunge ndoa na mwanetu Zuhair, ili aende akiwa na jina la mtu. Karatasi ya Uholanzi ichanwe."

"Zuhair kasema anamtaka?"

"Zuhair atasema atakaloambiwa na baba yake."

"Azza hatosema."

Kaltham alipumua. "Ghaniya, dada yangu, sikiliza. Nyinyi watu wa Zinjibari mna mioyo mizuri, lakini adabu za Waarabu hamzijui. Mnasema kwanza, mnauliza baadaye. Mwanamume mkubwa mmemlisha habari yake dukani, kama mtoto. Sasa inamiseni vichwa kidogo. Kuinamisha kichwa kunakugharimu nini?"

Ghaniya alifunga mikate iliyobaki katika kitambaa, fundo akalikaza kwa hasira. Miaka yote hii amevaa walivyovaa, amekaa walivyokaa, amezika nao na amelia nao, na bado akikosea mara moja anakuwa mtu aliyeshuka melini jana. Wala si kwamba adabu zao hakuzijua. Alizijua kwa sababu Kaltham huyuhuyu ndiye aliyemsimulia, na alimsimulia kwa majivuno, jambo la yule bedui wa Jalan.

Bedui aligonga gari la Hashil kwa lori lake. Akaja sablani kuomba asishitakiwe. Alipomiminiwa kahawa hakuinywa. Aliiweka chini mbele yake, akasema, kahawa yako siinywi mpaka nipate haja yangu. Basi. Hashil alikunja uso, alikohoa, alizungumza mengine, lakini finjani ilikuwa pale chini na watu wote wanaiona, na mgeni akitoka nyumbani kwa mtu hajanywa kahawa yake, aibu ni ya mwenye nyumba, na husemwa mpaka kwa wajukuu. Mwisho Hashil akamwambia, "Kunywa, umeipata."

"Ijumaa mnapika?" Ghaniya aliuliza.

"Kama kawaida. Njooni nyote," alisema Kaltham, akifurahi kwa kudhani kichwa kimeinama.


Ijumaa baada ya sala, nyumba ya Hashil hujaa. Wanaume sablani, wanawake chumba cha ndani, na kati yao mlango mmoja wenye pazia, unaoachwa wazi kidogo ili dele la kahawa lipite. Ghaniya alivaa nguo zake nzuri. Alimchukua Azza, akamchukua na Bi Turkiya, ambaye kwa kawaida hakubali kutoka Ijumaa. Khalaf hakuambiwa kitu. Aliendesha gari, na karatasi, ambayo Azza aliitia mkobani bila ya kuagizwa, ilikwenda nao.

Tende zililiwa. Kaltham mwenyewe alishika dele, akamimina, akampa Ghaniya finjani ya kwanza, kwa heshima, kama mgeni mkubwa. Ghaniya aliipokea kwa mkono wa kulia. Akaiweka chini, juu ya mkeka, mbele ya goti lake.

Kaltham alidhani imemuunguza. "Imezidi moto?"

"Haikuzidi. Kahawa yenu nzuri, Mungu aizidishe. Lakini siinywi mpaka nipate haja yangu kwa mwenye nyumba hii."

Mwanamke mmoja alibaki na kokwa ya tende mdomoni.

"Ghaniya, hayo mambo ya wanaume," Kaltham alinong'ona.

"Ni mambo ya wageni. Mimi si mgeni? Miaka yote mnaniambia mimi mgeni."

Bi Turkiya, aliyekuwa ameshika finjani yake karibu na midomo, aliitazama kwa masikitiko, maana alikuwa na kiu ya kahawa kweli. Kisha naye akaiweka chini. Azza akafuata. Finjani tatu zilikaa juu ya mkeka zikitoa mvuke, na Kaltham akasimama na dele lake hajui aende mbele au nyuma. Mwisho alikwenda mlangoni, akamwita mumewe.

Hashil alisogea mpaka penye pazia. Hakuingia, kivuli chake tu kilionekana, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kwa sababu ana wageni nyuma yake.

"Kuna nini?"

"Shemegi, salamu aleikum," alisema Ghaniya. Alisema kwa sauti ya kufika sablani. "Nimekuja na makosa yangu kwanza. Habari nilitangaza nje kabla hujaisikia wewe. Nimekosa, naomba radhi mbele ya watu. Hilo langu. Binti hana kosa. Naomba mkono wako uondoke juu ya karatasi yake."

"Nimekwishatoa neno langu. Kairo, lishe na Zuhair."

"Hilo neno lako. Haja yangu sio hiyo."

"Mwanamke, kunywa kahawa."

"Itapoa hapahapa."

Mtu alikohoa sablani. Mwingine, mzee, alisikika akisema polepole kwamba mgeni ni mgeni, jamani, hata akiwa mwanamke. Kivuli hakikusogea. Ghaniya aliutazama mvuke ukipungua juu ya finjani yake, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Hashil alikuwa akisubiri. Alijua kwamba mwanamke atasimama mwisho, atavaa ushungi na kuondoka, na kesho yatasemwa ya mwanamke wa Zinjibari aliyekuja kucheza mambo asiyoyajua. Aibu atamrudishia yeye. Alikuwa na uwezo huo, kwa sababu nyuma yake palikuwa na ndugu yake, amekaa mahali pake pa siku zote, anakunywa.

Ndipo uliposikika mlio mdogo wa finjani ikiwekwa juu ya sinia. Haukuwa mkubwa, lakini sabla yote ilikuwa kimya na kila mtu aliusikia. Bi Turkiya aliinua kichwa. Mtoto wake anamjua hata kwa kikohozi.

"Khalaf," sauti ya Hashil iligeuka kule upande wa pili. "Na wewe pia una haja?"

"Sina haja, kaka." Sauti ya Khalaf ilitetemeka, akaisafisha, akaanza tena. "Nina habari. Nimeileta hapa sablani kwako, mbele ya watu, kama inavyotakiwa, kwa kuwa ile ya kwanza ilipita pasipo pake. Binti yangu Azza anakwenda Uholanzi. Anakwenda kusoma udongo na maji, na wanafunzi wa nchi nyingi, na akirudi atatwambia kwa nini falaji inakauka, na sote tutamsikiliza, mimi wa kwanza. Kesho asubuhi naipeleka karatasi Maskati mwenyewe. Ulinipa vyumba viwili, kaka, na sikusahau, na sitasahau mpaka naingia kaburini. Lakini binti hukunipa wewe."

Ghaniya alikuwa ameushika mkono wa Azza, anaubana mpaka wote wawili wanaumia, na machozi yanamtoka waziwazi, hakuyafuta. Miaka yote alikuwa akilisubiri neno lile, na alikuwa amekwishaacha kulisubiri.

Hashil alikaa muda mrefu penye pazia. Wazee walimngoja. Habari ikisemwa sablani lazima ijibiwe. Mwenye nyumba hawezi kuiacha inaning'inia kama nguo ya mtu kambani. Alijua, kwa kuwa adabu hizo aliwasomesha wengine maisha yake yote.

"Kheri, inshallah," alisema mwisho, kama mtu anayeng'olewa jino. Halafu kwa mkewe, kwa ukali, ili apate pa kuutupa: "Kahawa yao imepoa. Wamiminie nyingine."

Kaltham alikuja na dele, na machoni mwake palikuwa na kitu ambacho Ghaniya hakukitarajia, kitu kama kucheka. Aliinama kuichukua finjani ya zamani. Ghaniya aliiwahi.

"Nyingine sitaki. Hii ndiyo niliyopewa."

Akainywa ile ile, baridi na chungu, mpaka chini. Kisha akaitikisa finjani mara moja kwa ncha za vidole, kama Waarabu wanavyoitikisa wakisema imetosha, akamrudishia.


Nje jua lilikuwa kali. Khalaf aliiweka karatasi juu ya boneti ya Datsun, akaitia saini palepale, mlangoni mwa kaka yake, wanaume wakitoka na kupita pembeni yake. Wengine waliangalia kando. Yule mzee aliyesema mgeni ni mgeni alisimama, akamtazama Azza, akamuuliza kwa Kiarabu hayo maji anayokwenda kusoma ni ya kisima au ya falaji.

"Yote mawili, ammi," alisema Azza. "Yanatoka pamoja."

Mzee alitikisa kichwa, akaenda zake. Bi Turkiya, aliyekwishapanda gari na anajipepea kwa ushungi wake mwenyewe, alitoa kichwa dirishani.

"Khalaf, mwanangu, twende. Mimi kahawa sikushiba, na bizari ya mtoto haijasagwa."